Ubaridi wa AC unavujia dirishani: ununue nini kwanza?

AC ya BTU 12,000 isiyo ya inverta (ile ambayo kompresa huwaka kwa nguvu zote au huzima) hula karibu uniti moja ya umeme wa LUKU kwa kila saa ambayo kompresa inazunguka. Dirisha likivuja, kompresa haipumziki, maana hewa ya Dar inayopenya ina joto na unyevu, na vyote viwili AC inabidi ivishughulikie. Kabla hujatoa hela, zima feni, washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kandokando ya dirisha. Moshi ukiyumba, mwanya uko hapo.

Namba moja kwangu ni ule utepe wa manyoya unaokaa kwenye mfereji wa dirisha la alumini la kusukuma. Dirisha likiwa jipya unakuwepo, ila vumbi na jua huula ukabaki kipara. Chomoa kipande kidogo, nenda nacho Kariakoo, linganisha upana wa kitako na urefu wa manyoya. Muuzaji akikwambia "hii inafanana tu", mkatalie: manyoya yakizidi ya kile kipande chako kwa milimita mbili, dirisha utalisukuma kwa bega. Kuuweka ni kazi ya jioni moja, hata bila fundi.

Silikoni ni ya pili, na ni kwa mwanya kati ya fremu na ukuta tu. Inayonuka siki hushika kioo vizuri lakini kwenye saruji hubanduka. Tafuta isiyo na harufu hiyo, ya matumizi ya nje. Na fundi umsimamie. Wangu aliziba kila tundu, pamoja na vile vitobo vya chini ya fremu vinavyotoa maji nje. Masika yalipoanza, reli ikajaa maji kama karai, yakashuka ukutani hadi kwenye godoro. Nikashinda na msumari navizibua kimoja kimoja.

Utepe wa sponji wenye gundi unafaa madirisha ya mbao. Ni rahisi, lakini kwa jua letu unamung'unyika upesi. Ukipata wa mpira, chukua huo.

Dirisha la luva, lile la vipande vya vioo? Usijidanganye. Vioo vile havibanani sawasawa, hata uweke nini. Kama umepanga, nailoni nzito inayopitisha mwanga, ikibanwa pande zote, itakuvusha miezi ya joto. Kama nyumba ni yako, badilisha dirisha la chumba chenye AC peke yake, sebule iache ipigwe na upepo. Jikoni usizibe hata kidogo, hasa mkipikia gesi au mkaa.