Pakiti ya mbegu za haiperikamu: mbegu nzuri, maelezo ya kupotosha

Mbegu za pakiti hii zinafaa kununuliwa. Maelezo yaliyoandikwa mgongoni mwake hayafai kufuatwa. Yanasema ufukie mbegu sentimita 1. Mbegu ya haiperikamu (Hypericum perforatum), mmea wa dawa wenye maua ya njano, ni ndogo kama chembe ya baruti na huhitaji mwanga ili iote, kwa hiyo ukiifukia hivyo umeizika. Changanya mbegu na kijiko cha mchanga mkavu, zinyunyize juu ya udongo laini uliolowa, gandamiza kwa kiganja, basi. Usimwagilie kwa juu, maana maji yatazisombea zote kona moja. Weka trei kwenye beseni lenye maji, udongo unywe kutoka chini. Zikikaa kwanza wiki 4 kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu, huota kwa wingi zaidi. Hata hivyo huchelewa, usiimwage trei kabla ya wiki 6.

Miche ikifika sentimita 5, ihamishie penye jua, nafasi ya sentimita 30. Baada ya hapo haihitaji kudekezwa. Kinachoiua ni maji kutuama mizizini. Maua ya njano kwa kawaida huja mwaka wa pili. Ili kuhakikisha ndiyo yenyewe, elekeza jani kwenye mwanga: utaona vidoa angavu kama matundu ya sindano, navyo ni vifuko vya mafuta. Kisha minya tumba la ua, vidole vitabaki vyekundu. Mmea wa pakiti hii umefaulu vipimo vyote viwili.

Kwa mafuta ya kuchua, chuma matumba na maua yaliyofunguka punde, umande ukishakauka. Yaache yanyauke usiku mmoja, yajaze kwenye chupa ya kioo, mimina mafuta ya zeituni yayafunike kabisa, weka juani wiki 4 hadi 6 mpaka yawe mekundu. Ua likichomoza juu, ukungu huanzia hapo.

Vichwa vya maua vikatwe kabla mbegu hazijakomaa, mmea usije ukasambaa. Australia mmea huu ni gugu sugu, na mifugo yenye ngozi nyeupe ikiula huungua na jua.

Kosa zito zaidi: pakiti inasifu chai yake bila onyo lolote. Haiperikamu ikinywewa hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka, zikakosa nguvu: vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), baadhi ya ARV. Ikichanganywa na dawa za sonona inaweza kuleta sumu ya serotonini, yaani kemikali hiyo ya ubongo kuzidi mwilini kiasi cha kudhuru. Onyo hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mmea.