Uzoefu wangu na laibrari za XSLT: kwa nini nimehamia Saxon-HE

Wakuu, kama unatafuta laibrari ya kubadilisha XML usianze kuuliza ipi ina spidi, uliza kwanza inasoma XSLT (lugha ya kuandika jinsi XML inavyogeuzwa kuwa kitu kingine) vesheni gani, hapo ndo tofauti kubwa ilipo. Mimi kazi yangu nachukua stetimenti za benki za fomati ya camt.053, zile za ISO 20022, nazigeuza ziwe ripoti ya HTML ambayo mhasibu anaisoma, na nimetumia lxml ya Python na Saxon-HE ya Java zote mbili.

lxml ni nzuri, sema ndani yake kuna injini inaitwa libxslt na libxslt inaishia XSLT 1.0, yani ile ya mwaka 1999. Kuinstoo rahisi, inawaka papo hapo, kazi ndogo ndogo za kupanga upya elementi bado naipa yenyewe.

Ngoma inakuwa nzito ukitaka kujumlisha miamala kwa tarehe. 1.0 haina amri ya kugrupu, inabidi uzunguke na xsl:key na generate-id(), inakubali vizuri tu lakini mwenzako akija kuisoma kesho lazima umkalishe chini umweleze. Kwenye Saxon, inayosoma vesheni mpya zaidi, unaandika xsl:for-each-group, unaipa group-by="BookgDt/Dt" (hapo ndo tarehe ya muamala inakaa), basi, kila siku inakaa na miamala yake. Halafu hizo faili zina neimspesi (kama jina la ukoo la elementi zote), kwenye 1.0 ukiandika Ntry, yani elementi ya muamala, tupu bila prifiksi haikuti kitu na wala haileti erori, unashangaa tu ripoti haina kitu, ila kuanzia 2.0 unaweka xpath-default-namespace mara moja pale juu yameisha.

Kubwa kuliko yote ni hela. 1.0 namba zote inazifanya double (namba ya desimali ya kukadiria), na double ukijumlisha 0.1 na 0.2 hupati 0.3 kamili, sasa hela za watu utaziacha hivyo kweli? Kwenye Saxon naandika sum(current-group()[CdtDbtInd='CRDT']/xs:decimal(Amt)), yani jumla ya hela zilizoingia, na senti zinakaa sawa. Hiyo xs:decimal lazima uiandike mwenyewe lakini, usipoiandika na huna skima (faili linalosema kila elementi ni ya aina gani) inarudi kwenye double vilevile.

Ubaya upo. Java inachukua muda kuwaka, ukiiita upya kwa kila faili utauona uzito, bora ukampaili stailishiti (lile faili lako la XSLT) mara moja uitumie hiyohiyo kwa faili zote. Pia inabeba faili zima kwenye RAM, ile striming ya kupitisha faili kubwa kidogo kidogo ipo kwenye Saxon-EE, toleo ambalo ni la kulipia. HE yenyewe ni bure, leseni ya MPL. Na kama Java hutaki kabisa kuna SaxonC, kwa Python ni pip install saxonche tu, ndo ninayoiendesha kwenye seva sasa hivi na stailishiti zangu zote zimehamia bila kugusa mstari.