Boksi la soketi la vipande 108, nililolitumia kumaliza orodha ya matengenezo ya IST yangu

Kama una gari la miaka ishirini, unalitegemea kila siku, na nyumbani una sehemu tambarare ya kutosha gari moja, nunua boksi hili. Ila usilinunue peke yake. Liongezee toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), stendi mbili za gari na ringi spana chache (zenye kichwa cha pete), la sivyo orodha yako ya matengenezo itaishia katikati. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kulitumia kwenye Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, inayonipeleka kazini na kunirudisha nyumbani Buhongwa, hapa Mwanza.

Mimi ni muuguzi, na zamu nyingi ninazopangiwa ni za usiku. Nahitaji gari linalowaka saa nane za usiku na linalosimama pale ninapokanyaga breki. Ukiacha lami, njia ya kwetu inapanda mlima wa mawe na changarawe, na masika ikipita inabaki makorongo. Kwa Mwanza hilo si geni. Wa Mabatini, Bugarika na Isamilo ya juu wanajua magari yao yanachopitia. Ndiyo maana orodha yangu haikuwa na kitu cha urembo hata kimoja. Breki za mbele zilikuwa zinalia. Hendibreki haikushika mlimani. Link za stabilaiza, vile vyuma vifupi vya kwenye sasipensheni, ziligonga kwenye kila shimo, oili ilivuja kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), plagi zilichoka, ekilina (chujio la hewa) ilijaa vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani, na beringi ya gurudumu la mbele ilikuwa inaunguruma.

Boksi ni la plastiki nyeusi. Ndani lina soketi za robo inchi (hicho ni kipimo cha tundu la kuingizia racheti) kuanzia namba 4 hadi 14, yaani milimita za kichwa cha bolti, na za nusu inchi kuanzia namba 10 hadi 32. Kuna racheti (mkono wa kuzungushia soketi), ekstensheni, plagi soketi mbili (16 na 21), soketi ndefu chache, na biti nyingi za bisibisi na alen ki. Nililipa shilingi 190,000 kwenye duka la vifaa katikati ya mji. Pembeni yake palikuwa na jingine la karibu nusu ya bei hiyo, nikalikataa kwa sababu moja: soketi zake zilikuwa na pembe kumi na mbili kwa ndani. Hizi za kwangu zina pembe sita. Soketi ya pembe sita inashika bolti kwenye ubapa, ile ya kumi na mbili inashika karibu na kona, na bolti iliyoliwa kutu au iliyowahi kubanwa kwa koleo ikilazimishwa hapo inageuka mviringo. Gari la miaka ishirini limepita mikononi mwa mafundi wengi. Bolti zake nyingi zimeshateswa.

Kuhusu kutu, sisi wa ziwani tuna nafuu. Ziwa letu ni la maji baridi, upepo wake hauna chumvi ya bahari, kwa hiyo gari la Mwanza haliozi chini kama la Tanga au Dar. Lakini haya magari yametoka Japani, na kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi. Pitisha tochi chini ya gari lako kabla ya kuanza kazi. Bolti zenye magamba mekundu zipulizie WD-40 jioni, uzifungue kesho yake.

Kazi iliyonifanya nilipende boksi hili ni breki za nyuma. IST yangu ina drum nyuma, lile bakuli la chuma linalofunika breki, na drum iliyokaa muda mrefu huganda kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Nimeona zikipigwa nyundo hadi kingo zinameguka. Toyota wenyewe wameweka dawa yake palepale: kwenye uso wa drum kuna matundu mawili yenye nyuzi za bolti, na bolti mbili zenye unene wa milimita 8 zikiingizwa humo na kukazwa kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, zinaisukuma drum itoke yenyewe. Shusha hendibreki kwanza, na uwe umeweka kigingi kwenye magurudumu ya mbele. Ndani utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Breki shuu (zile zinazosukumwa nje zigusane na drum) za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo nayo, vumbi lake si la kuingia kwenye mapafu ya mtu. Vaa barakoa, lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa ukitupe.

Fungua upande mmoja tu, ule wa pili uache mzima uwe wa kutazamia jinsi springi zilivyopangwa. Boksi halina koleo la springi za breki, nikatumia praizi ya kawaida. Inawezekana, ila vidole vinaumia. Shuu mpya zikishakaa, kuna kigurudumu cha meno katikati yake kinachozisogeza nje. Kizungushe hadi drum ianze kugusa kidogo sana unapoizungusha kwa mkono, halafu ukirudishe nyuma kidogo iwe huru. Hapo ndipo uende kwenye waya wa hendibreki, karibu na mkono wenyewe ndani ya gari, kwenye nati ya 10 ambayo soketi ndefu ya boksi hili inaifikia vizuri. Mpangilio huo ni wa lazima: shuu kwanza, waya baadaye. Hendibreki nyingi ninazoziona zinavutwa hadi juu bila kushika zimekazwa waya tu, huku shuu ziko mbali na drum. Sasa naegesha kwenye mteremko wa nyumbani, navuta hendibreki, naachia breki ya mguu, gari linatulia, kisha ndipo naweka gia ya P, ile ya kuegeshea. Zamani uzito wote wa gari ulilalia P, na asubuhi gia ilitoka kwa kishindo.

Breki za mbele hazikunisumbua. Bolti mbili za 14, kaliper (inayobana pedi kwenye diski) inainuka, pedi zinatoka. Kilio kile kilikuwa cha kibati kidogo kilichowekwa makusudi kwenye pedi ili kiguse diski pedi zinapokaribia kuisha, kwa hiyo usikubali mtu azipake pedi grisi mahali pa kuzibadilisha. Pini ambazo kaliper inateleza juu yake zipake grisi ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Kisha legeza kifuniko cha kopo la mafuta ya breki na urudishe pistoni ndani polepole kwa klampu.

Kwenye plagi boksi lilipata alama zote. Plagi za 1NZ zimezama kwenye visima virefu vyembamba, na plagi soketi ya 16 ina mpira ndani unaoishika plagi isidondoke. Koili nne, zinazozipa plagi umeme, zinatolewa kwa soketi ya 10 na racheti ndogo. Racheti hiyo ina meno 72, maana yake inahitaji kusogea nyuzi (digrii) 5 tu ili ishike jino linalofuata. Yenye meno 24 inahitaji nyuzi 15, na kule nyuma karibu na ukuta wa injini nyuzi 15 huzipati. Ukinunua boksi, hesabu hilo kabla ya kuhesabu vipande.

Katika kazi hizi pia ndipo nilipoelewa toki renchi. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu, maisha yake yote amekuwa fundi wa injini za meli za ziwa hili. Alinikuta nakaza tairi, akasimama kando na kuniuliza kipimo ni ngapi. Nikamwambia, shikamoo mzee, mimi nakaza mpaka mkono ukatae. Akasema, "Marahaba. Mwanangu, wewe ni nesi. Mgonjwa unampa dawa mpaka mkono ukatae?" Akaniazima ya kwake, na baadaye nikanunua yangu. Nati za magurudumu ya gari hili zinakazwa kwa newton mita 103. Plagi ni 18. Ukikaza nati za gurudumu kwa bomba refu, kama wanavyofanya kwenye pancha nyingi, stadi (bolti zinazoshika gurudumu) zinavutika, diski inaweza kupinda na breki zikaanza kutetemesha usukani, na siku umepata pancha porini huzifungui. Angalizo: toki renchi ya nusu inchi inayouzwa sana mjini inapima kuanzia 28 hadi 210, kwa hiyo plagi haifiki. Plagi mpya yenye washa yake (pete ndogo ya chuma) iingize kwa vidole na soketi bila racheti hadi ikalie, kisha izungushe nusu mzunguko.

Tapeti kava ilikuwa kazi ya alasiri tulivu. Bolti zake ni ndogo na zinataka mkono mwepesi, anza za katikati uende pembeni, kwa awamu. Ukigundua oili ndani ya kisima cha plagi, ikaushe kabisa kabla ya kung'oa plagi, isimwagikie kwenye silinda.

Link za stabilaiza ndizo zilizofichua udhaifu wa boksi. Nati yake ukiifungua inazunguka pamoja na pini. Lazima uishike pini katikati kwa alen ki huku ringi spana ikizungusha nati. Soketi inaziba hilo tundu la katikati. Boksi lina soketi nyingi lakini halina ringi spana hata moja, na biti yake ya alen ki ilivunjika ncha nilipoilazimisha kwenye link ya kushoto. Niliirudisha dukani nikiwa na risiti, kijana wa kaunta akaitazama, akanipa nyingine bila maneno. Nampongeza kwa hilo. Lakini ukweli ni kwamba biti za boksi hili ni laini, na ningekuwa mimi mtengenezaji ningeondoa nusu ya biti hizo nikaweka ringi spana za 10, 12, 14 na 17, ambazo ndizo Toyota inazotaka. Vilevile halina soketi za inchi 3/8. Robo inchi ni dhaifu kwa kaliper, nusu inchi ni nene kwa kona nyingi za injini. Ukubwa wa katikati ndio ungekuwa wa kazi za kila siku.

Sasa jambo ambalo naomba mlisikilize kwa makini. Mwanza kila kona ina jiwe, na tumezoea kuweka jiwe nyuma ya tairi. Nyuma ya tairi sawa. Lakini jiwe, tofali au ringi ya zamani chini ya gari ili uingie chini yake, hapana kabisa. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Jeki nayo ni ya kuinulia tu, haishikilii gari. Nimepokea watu waliobanwa na magari yao wenyewe, na sitaki kumpokea msomaji wangu. Stendi mbili, udongo mgumu na tambarare, lisukume gari kwa mkono kabla ya kuingiza hata kiganja chini.

Beringi niliipeleka kwa fundi Nyakato. Ya mbele kwenye IST imeshindiliwa ndani ya nako (chuma kinachobeba gurudumu), inatoka na kuingia kwa presi. Ukiipiga nyundo unaiua kabla haijatembea. Gesi ya kiyoyozi na alaimenti (kunyoosha magurudumu) pia niliwaachia wenye mashine. Fundi wa presi alinikubalia nisimame pembeni nitazame, na beringi mpya niliifungua mwenyewe kwenye karatasi yake mbele yake. Nililolipata kwa kazi hizi zote ni hilo hasa: najua kilichomo ndani ya gari langu, najua pedi zipi ni mpya na nati ipi imekazwa kwa kipimo gani. Fedha ya ufundi nayo nimeiokoa, ingawa sehemu yake imeishia kwenye stendi na toki renchi.

Oili chafu ninayoitoa naikusanya kwenye dumu na kuipeleka gereji wanakoipokea. Mitaro ya mjini inaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani tunakotoa sato na maji ya kunywa.

Ukienda dukani, fungua boksi kabla ya kulipa. Chungulia ndani ya soketi ya 14 uhesabu pembe. Zungusha racheti taratibu karibu na sikio usikie milio yake imekaribiana kiasi gani, kisha ibane kichwa na uipindishe mkono wake uone kama inacheza. Angalia kama plagi soketi ya 16 ina mpira ndani, maana kwenye maboksi mengine hutolewa. Omba risiti yenye muhuri. Kwa kazi ya nyumbani kwenye Toyota ndogo, soketi na racheti za boksi hili nazipa tisa kwa kumi. Biti zake, tatu.