Vifaa vya mdomoni vya kuzuia kukoroma: uanze na kipi?

Kabla hujatoa pesa, muulize unayelala naye chumba kimoja: unakoroma mfululizo, au hunyamaza ghafla kisha ukashtuka ukitafuta hewa? Kama hunyamaza, au unasinzia mchana hata ukiwa kwenye usukani, kapimwe usingizi kwanza. Kipimo huhesabu pumzi hukatika au kupungua mara ngapi kwa saa: 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Hali kali huanzishiwa CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe ukiwa umelala. Kwa hali hiyo kali, kifaa cha mdomoni ni cha aliyeshindwa kuivumilia.

1. Cha daktari wa meno. Hutengenezwa kwa vipimo vya meno yako, vipande viwili, na hurekebishwa ili kusogeza taya la chini mbele kidogo kidogo. Taya likisogea, ulimi huvutwa nalo na njia ya hewa hupanuka. Marekebisho hayo ndiyo unayolipia. Taya likivutwa mbele mno siku ya kwanza, litauma na kifaa kitaishia kabatini. Ni ghali kuliko vyote. Ukikizoea, pimwa tena ukiwa umekivaa, maana mkoromo unaweza kutulia huku pumzi ikiendelea kukatika.

2. Cha kuagiza. Unachukua alama ya meno yako kwa kung'ata, unaituma, unatengenezewa. Jaribio la Uingereza liitwalo TOMADO, lililochapishwa mwaka 2014, lililinganisha aina tatu za kwanza za orodha hii kwa wagonjwa 90 wa hali nyepesi na ya kati. Zote zilisaidia, na watafiti walipendekeza kuanza na hiki kwa sababu ya gharama. Mimi nakiweka cha pili kwa kuwa hakuna anayekagua meno na fizi zako.

3. Cha maji ya moto. Unakilainisha, unakiuma, kinashika umbo la meno. Katika jaribio hilo ndicho kilichovaliwa kidogo zaidi. Kinafaa kujaribia tu, kwa mkoromo usio na kukatika kwa pumzi.

4. Cha kufyonza ulimi. Huushikilia ulimi mbele, kwa hiyo humfaa asiye na meno ya kutosha. Wengi hulalamikia mate na ncha ya ulimi kuuma.

Mkanda wa kidevu usinunue: unafunga mdomo tu, koo linabaki vilevile.

Meno yakilegea, fizi zikivuja damu au maungio ya taya yakiuma, tibiwa kwanza. Kila asubuhi angalia meno ya juu na ya chini yanakutana kama zamani. Yakianza kupishana na yasirudi, mwone daktari wa meno.