Regulata ya gesi ya nyumbani: ipi inunuliwe kwanza

Watu huzunguka maduka kuchagua jiko, halafu regulata wanachukua yoyote wanayopewa. Ingefaa iwe kinyume. Ndani ya mtungi gesi ina presha ya baa kadhaa, na baa 1 ni milibari 1,000. Jiko la plate linahitaji milibari 30 hivi. Kazi ya kuishusha presha hiyo inafanywa na regulata, kwa springi na kiwambo cha mpira tu.

Kabla ya yote, tazama mdomo wa mtungi wako. Regulata za kubonyeza zina vipimo tofauti: milimita 20, 21, 22, 27. Nenda dukani na regulata ya zamani au picha ya valvu. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Ya kwanza: yenye kinga ya kukata gesi. Mpira wa kupeleka gesi kwenye jiko ukichomoka au ukitafunwa na panya ukakatika, gesi hutoka kwa kasi na regulata inajifunga yenyewe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ikitafuta moto, kwa hiyo nyumba yenye watoto iongeze hela ipate hii. Ila tundu dogo la kuvuja haitalikamata.

Ya pili: ya kawaida, presha isiyobadilika. Inatosha nyumba nyingi. Soma maandishi yaliyochongwa: 30 mbar, kisha kilo kwa saa. Plate nne zikiwaka zote kwa nguvu ni kama kilowati 8, yaani kilo 0.6 za gesi kwa saa. Ya kilo 1.5 inabeba hata oveni, usilipie kubwa zaidi.

Ya tatu: yenye geji, yaani kipimo cha presha chenye mshale. Muuzaji atakwambia inaonyesha gesi iliyobaki. Si kweli. Gesi imo mtungini kama kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, presha hufuata joto la mahali, si kiasi kilichobaki. Mshale utasimama palepale mpaka gesi ikaribie kuisha, kisha ushuke ghafla. Ukitaka kujua kiasi, pima mtungi kwa mizani, utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake. Geji ina faida moja ya kweli: funga plate zote, fungua gesi kisha uifunge kwenye mtungi, uangalie mshale. Ukishuka, kuna mahali panavuja.

Ya mwisho kwa nyumbani: ya presha kubwa, yenye kitasa cha kuongeza. Kwa wakaanga chipsi na majiko makubwa ya chuma ndiyo yenyewe. Kwenye jiko la plate, usiitumie kamwe: moto unaruka, na swichi za jiko hazikutengenezwa kwa presha hiyo.

Isiyo na maandishi yoyote, isiyo na alama ya TBS au KEBS, au ya mtumba, iache hapo hapo hata ukipunguziwa bei. Mpira wa ndani hukauka na kupasuka bila nje kuonyesha dalili. Watengenezaji wengi hushauri regulata ibadilishwe ikifika miaka 10. Na kile kitundu kidogo kwenye mfuniko ni cha kupumulia, usikizibe kwa rangi wala gundi.

Ukishaiunganisha regulata na mtungi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kibano cha mpira kikiwemo. Kiberiti kikae mbali. Viputo vikitokea penye regulata, funga gesi uirudishe dukani siku hiyohiyo, pamoja na risiti.