Okestra ya Ala za Jadi za Kichina: Kila Ala na Sauti Yake

Uzuri wa onyesho hili, kwa maoni yangu, ulitokana na jambo ambalo msikilizaji aliyezoea okestra za Ulaya huenda akaliona kuwa kasoro: ala hazikukubali kumezana. Wapigaji walikuwa wapatao 80, wamepangwa katika makundi manne, yaani ala za upinde, za kucharazwa, za kupulizwa na za kugongwa. Suona ilipolia, ambayo yeyote aliyewahi kusikia zumari angeitambua kuwa ni ya ukoo huohuo, ilipasua ukumbi mzima, ilhali sheng, yenye mabomba yaliyosimikwa kwenye bakuli moja, ilitoa sauti kadhaa kwa pamoja bila kukatika, kwa kuwa mpigaji wake hupata sauti akipuliza na hata akivuta pumzi.

Ala hizi ni za kale, lakini kuziketisha nyingi namna hii mbele ya kiongozi mmoja ni jambo la karne ya 20. Okestra ya aina hii ya Shanghai iliundwa mwaka 1952 na ya Hong Kong mwaka 1977. Pengine ndiyo sababu suala la ala zipi zibebe sauti za chini bado halijatulia. Jioni hiyo zilibebwa na cello na besi za Ulaya, nazo zilitosha.

Kilichonigusa zaidi ni pipa, ala ya Kichina ya nyuzi za kucharazwa. Niliketi karibu kiasi cha kuziona kucha za bandia zilizofungwa kwa utepe kwenye vidole vyote vitano vya mkono wa kulia wa mpigaji, na alipovizungusha vidole hivyo juu ya uzi mmoja, mapigo yalifuatana kwa kasi hata yakasikika kama sauti moja ndefu inayotetemeka. Okestra ilinyamaza ikamwachia nafasi, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Busara hiyo ilikosekana katika “Erquan Yingyue”, muziki wa Abing, mwanamuziki kipofu wa mji wa Wuxi nchini China, ambaye aliurekodi mwaka 1950 kwa erhu peke yake. Erhu ni zeze la nyuzi mbili, na manyoya ya upinde wake hupita katikati ya nyuzi hizo, kwa hiyo kila mkwaruzo ni sehemu ya maombolezo. Hapa wimbo ulipangwa kwa okestra nzima, vipaza sauti vikafunguliwa mno, na mikwaruzo ile ikapotelea ndani ya wingu la nyuzi. Filimbi za dizi nazo, ambazo utando wake mwembamba wa tete huzipa mvumo mtamu, zilitoka kwenye spika zikiwa kali za kuumiza masikio.

Katika wimbo wa nyongeza vipaza sauti vilizimwa, na hata matoazi yaliyoguswa kwa ncha tu yalisikika. Nitarudi kuwasikiliza, na nitanunua kiti cha mbele.