Kinyanyulio cha mfuniko wa jakuzi nilichochongesha Mwanjelwa: uzoefu wangu

Nasimamia nyumba ya wageni Uyole, na nyuma kuna jakuzi la nje, mita 2 kwa 2, limekaa juu ya zege. Mfuniko wake ni sponji ngumu iliyovikwa plastiki nene, unakunjika katikati. Juni na Julai baridi ya Mbeya usiku inashuka chini ya nyuzi 10, ndipo wageni wanaligombania. Kero ni huo mfuniko. Kuutoa na kuurudisha kunataka watu wawili, na zamu ya usiku yupo binti mmoja tu. Mgeni akishatoka majini, mfuniko unalala pembeni mpaka asubuhi. Maji ya moto yaliyo wazi yanapoteza joto zaidi kwa mvuke kuliko kwa njia nyingine yoyote, kwa hiyo hita inakesha na umeme wa Luku unakwisha.

Vinyanyulio vya kiwandani nimeviona mtandaoni. Hata huko Marekani bei yake si ndogo. Weka usafiri na ushuru, utajikuta unakaribia bei ya mtamba. Nikaenda kwa fundi wa mageti Mwanjelwa na picha kwenye simu. Nilitaka chuma kizito kabisa, kitu cha kudumu. Akacheka kidogo. "Mama, chuma kinene kitakuongezea mzigo tu. Kazi yote ipo kwenye egemeo, pale chombo kinapozungukia."

Alikuja Uyole na kamba na chaki, na hapo ndipo nilipoona nimempata fundi. Chombo chenyewe ni bomba moja la mlalo linalolala juu ya mfuniko, kwenye mkunjo, na mikono miwili pembeni inayozunguka kwenye nguzo fupi. Unakunja nusu ya mbele juu ya nusu ya nyuma, unasukuma, mfuniko wote unapinduka na kuning'inia nyuma ya jakuzi kama nguo kwenye kamba. Egemeo likiwa katikati kabisa, mfuniko hautafika nyuma. Likiwa chini sana, utaburuza sakafuni. Kwetu lilikaa sentimita 30 kutoka ukingo wa nyuma na sentimita 60 kutoka chini, mikono ikawa na sentimita 78. Bomba likishapinduka linasimama kwenye mita 1.1 hivi, na kwa kuwa nusu ya mfuniko ni mita 1, unabaki upenyo wa kupitisha fagio. Nyuma ya jakuzi acha kama sentimita 60. Ukuta ukiwa karibu zaidi ya hapo, usijisumbue.

Nguzo tulizifunga kwenye zege kwa bolti, hatukugusa ubao wa jakuzi, maana ule ni mwembamba na nyuma yake kuna mabomba ya maji. Kwenye maungio akaweka bushi za bodaboda na bolti ya milimita 12. Hizo ndizo pesa zisizobanwa. Bomba la mlalo tulilivalisha hosi kuukuu ya bustani iliyopasuliwa kwa urefu, lisikwaruze plastiki.

Kuna jamaa aliniambia nitumie mbao, maana paina ya Mafinga ni bei poa. Kwa kenchi sawa. Kwa kitu kinachopigwa mvuke usiku na jua mchana, mbao itapinda tu.

Gharama yote, vifaa na ufundi, haikufika shilingi 200,000. Sasa binti anafungua na kufunga peke yake, na mfuniko unarudi mahali pake mgeni akitoka tu. Uniti zimepungua, ninaona kwenye risiti.

Nampa fundi nyota nne. Ya tano imeliwa na rangi: alipaka ya kuzuia kutu mara moja tu, na mvuke wenye klorini ukaanza kuchubua kwenye maungio ya kuchomelea. Mdai apake mara mbili mbele yako. Ukichagua bomba la mabati ili kukwepa kutu, mwambie asage ile zinki pale atakapochomelea na afanyie kazi nje, kwani moshi wake unaleta homa.

Mfuniko wenu ukiwa umeshanywa maji, chombo hiki hakitawasaidia sana. Sponji ikilowa uzito unaongezeka mno, bushi zitakwisha na mikono itapinda. Unyanyueni kwanza kwa mkono. Kama unachuruzika maji kwenye mishono, pesa iende kwenye mfuniko mpya.

Na upepo wa Agosti, jamani. Mfuniko uliosimama unashika upepo vibaya. Sisi tumefunga mkanda wa kubania mizigo ya pikipiki, mmoja kila nguzo, na binti ana amri ya kuubana kabla mgeni hajaingia majini.